Kivuli Kilichozaliwa kwa Kukosa Nafasi

Oktoba 1985, kwenye maegesho ya magari ya jarida la Reader's Digest, mwendo mfupi kaskazini mwa jiji la New York, kijana wa sekondari alikuwa akikimbia na hakuna anayemfukuza. Amevaa nyeupe tupu. Anakimbia, anasimama ghafla, anageuka, anarudi alikotoka. Anaruka mahali pasipo na mtaro. Anadandia ukuta, ananing'inia kwa vidole, anajivuta mpaka juu, kisha anashuka taratibu na kuanza upya. Kaka yake amesimama na kamera ya video, anamfuata kwa jicho, anamwomba arudie. Mkimbiaji ni David Mechner. Mwenye kamera ni Jordan Mechner, umri wake miaka 21, ndiyo kwanza ametoka kumaliza masomo ya saikolojia Chuo Kikuu cha Yale.

Mbio zile bado zinaendelea. Namna David alivyokuwa akisita kabla ya kusimama na alivyokuwa akirusha miguu mbele anaporuka, vyote viliingizwa kwenye kompyuta na kuwa Prince of Persia, mchezo uliotoka mwaka 1989. Gemu chungu nzima za leo ambazo mtu hukimbia juu ya mapaa na kudandia kuta ni wajukuu wa kijana yule wa maegesho.

Habari za mchezo huu husimuliwa mara nyingi kama habari za kijana mwenye kipaji aliyekaa chini na kutunga kitu cha ajabu. Mimi naziona kwa jicho jingine. Mchezo huu uliokolewa na uhaba. Kitu chake kilicho bora kuliko vyote, kile ambacho aliyeucheza hakisahau, hakikuwamo kwenye mpango wa mwanzo. Kiliingia kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha.

Turudi nyuma kidogo. Mechner alikuwa tayari na jina. Akiwa bado mwanafunzi alitunga Karateka, mchezo wa karate uliotolewa mwaka 1984 na kampuni ya Brøderbund. Unahusu mtu anayeingia ngome ya adui kumwokoa mchumba wake, Mariko. Ulipanda mpaka kileleni mwa orodha ya programu zilizouzwa sana Marekani, na mapato yake ndiyo yaliyomlisha kwa miaka iliyofuata. Humo ndimo alimojaribu kwa mara ya kwanza hila ya kuchukua mwendo wa mtu halisi: alimpiga filamu mwalimu wa karate akirusha mateke, akampiga filamu na baba yake pia, kisha akachora juu ya picha zile. Hila yenyewe ni ya zamani. Max Fleischer, mchora katuni wa New York, aliitumia tangu miaka ya 1910, na kina Disney wakaitumia kwenye filamu ya Snow White ya mwaka 1937. Ila kuipenyeza kwenye kompyuta ya nyumbani, tena na mtu mmoja chumbani kwake, hilo lilikuwa jambo geni.

Kuna kitu kimoja cha Karateka naomba msomaji akiweke akilini, kwa sababu kitarudi. Ukishawapiga maadui wote na kumfikia Mariko, ukimsogelea ukiwa bado umekunja ngumi, anakupiga teke moja na unakufa hapo hapo. Sharti ushushe mikono, usimame kama mtu wa kawaida, ndipo akukimbilie.

Baada ya hapo Mechner alitaka hadithi nyingine, na akaelekea Mashariki ya hadithi za zamani. Hapa sisi wasomaji wa Kiswahili tuko nyumbani. Sultani aliyesafiri vitani, waziri mkuu mwenye tamaa, binti aliyefungiwa mnarani, kijana mgeni asiye na jina wala ukoo: hizi si habari za kigeni kwa mtu aliyelelewa na Alfu Lela Ulela. Waziri mwovu wa mchezo anaitwa Jaffar, na jina hilo limeniuma tangu nilipolijua. Jaafar wa kweli, wa ukoo wa Barmaki uliotokea Balkh, alikuwa waziri na mwandani wa Harun Rashid mjini Baghdad, na mwaka 803 aliuawa kwa amri ya khalifa huyo huyo. Katika hadithi zetu ndiye anayezunguka mjini usiku pamoja na Harun na mtumishi wake Masrur, wamejigeuza wafanyabiashara, wakisikiliza vilio vya watu. Ubaya alibandikwa na sinema. Filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940 ilimfanya Jaffar kuwa mchawi mnyang'anyi, Mechner akaipenda filamu ile, na miaka mitatu baada ya mchezo wake Disney nao wakamtoa Jafar wao kwenye Aladdin. Mtu aliyekwisha dhulumiwa kwa upanga akadhulumiwa mara ya pili kwa jina.

Alfu Lela Ulela ilimpa Mechner sura na mavazi. Mwendo aliupata kwingine. Alikuwa akiziwaza dakika kumi za mwanzo za filamu ya Raiders of the Lost Ark ya mwaka 1981, pale Indiana Jones anapopita pangoni penye mitego, anaruka shimo, anakosa kidogo, ananing'inia ukingoni na kucha zake zinateleza. Mechner aliutaka mchezo ambao ukiruka, moyo nao unaruka. Mwezi mmoja kabla David hajakimbia kwenye maegesho, Nintendo ya Japani ilikuwa imetoa Super Mario Bros., na Mario anaporuka ni kama mpira: unaweza kumgeuza angani utakavyo. Mwanamfalme wa Mechner, kama jina la mchezo linavyomwita, hageuki akiwa hewani. Akishaondoka ukingoni amekwenda. Ana uzito, na akianguka kutoka juu sana anavunjika.

Uzito huo ulipatikana kwa kazi ya mikono ambayo nikiisimulia kwa haraka nitakuwa nimeidhulumu. Kaseti ya video iliwekwa kwenye deki, deki ikaunganishwa na televisheni, chumba kikatiwa giza. Mbele ya televisheni ikasimamishwa kamera ya kawaida ya picha kwenye miguu mitatu. Mechner alikuwa akisogeza mkanda kidogo, anausimamisha, anabonyeza kamera. Anasogeza tena, anabonyeza tena. Filamu zilipelekwa studio kusafishwa, zikarudi picha za karatasi za kushika mkononi: David nusu ameinama, David mguu mmoja hewani, David mikono juu. Kila picha akaishughulikia kwa vitu viwili unavyoweza kuvikuta kwenye meza ya karani yeyote, kalamu ya wino mzito mweusi na wino mweupe wa kufutia makosa. Kila kisichokuwa mwili wa mdogo wake alikizamisha kwenye weusi. Mwili akaupaka weupe, mpaka likabaki umbo tu, kama kivuli kilichogeuzwa. Kisha akazitoa kopi, akazipanga kwa mfululizo, akazinasa kwa kamera iliyounganishwa na kompyuta. Hapo ikaanza awamu iliyochosha kuliko zote: kuketi mbele ya kioo na kusafisha nukta baada ya nukta, kwa sababu kilichoingia kwenye kompyuta yake ya Apple II kilikuwa ukungu wa madoa, na mtu ilibidi afukuliwe humo.

Ilipofika siku ya kuzionesha picha zile mfululizo, umbo dogo jeupe likakimbia kama binadamu. Watu wa Brøderbund hawakuwahi kuona kitu kama kile kwenye mashine ile.

Brøderbund ilikuwa mjini San Rafael, California, ng'ambo ya ghuba upande wa kaskazini wa San Francisco. Ilianzishwa mwaka 1980 na ndugu wawili, Doug na Gary Carlston, na ndiyo iliyotoa Lode Runner na Where in the World Is Carmen Sandiego?. Mwaka 1986 Mechner alihama New York, akapewa meza huko. Hakuwa mwajiriwa. Alikuwa mtunzi anayelipwa kwa asilimia ya mauzo, anayekuja ofisini kama mwandishi anavyokwenda maktaba. Angeweza kuondoka siku yoyote, na kweli aliondoka.

Moyo wake ulikuwa sinema. Alikuwa ameandika hadithi ya filamu, na mara Hollywood ikaonyesha kuvutiwa nayo. Kwa miezi kadhaa mchezo ukalala na mbio za David zikabaki ndani ya diski bila ngome ya kukimbilia, huku Mechner akisubiri simu za mawakala. Haya tunayajua kutoka kwake mwenyewe, kwa sababu tangu siku za chuo alikuwa akiandika shajara, na baadaye akaichapisha. Ukiisoma unamwona mtu anayebishana na nafsi yake: je, atumie ujana wake kwenye gemu, kitu ambacho watu wazima wa wakati ule hawakukihesabu kuwa sanaa? Filamu haikutengenezwa. Akarudi San Rafael kwenye meza yake.

Aliporudi, alijenga ngome. Kutoka kwenye mchezo mwingine wa Brøderbund, The Castles of Dr. Creep wa mwaka 1984, alichukua fikra ya mageti na swichi: unakanyaga kigae hapa, geti linafunguka kule, na unatakiwa kulifikia kabla halijashuka. Kutoka Lode Runner akajifunza kuijenga dunia nzima kwa vipande vichache vinavyorudiwa: sakafu, nguzo, ukuta, geti, mwenge. Akaongeza vigae vilivyolegea vinavyodondoka ukivikanyaga, miiba ya chuma inayochomoza ukikaribia, na taya za chuma zinazofunguka na kujifunga njiani. Muda ukawekwa: dakika 60 za saa ya ukutani, si zaidi. Binti Sultani amepewa saa moja na Jaffar, aolewe au afe, na mchanga unashuka kwenye chupa ya kioo chumbani mwake huku wewe ukihangaika gerezani chini ya ardhi.

Na sasa tunafika kwenye wazo kubwa lililotupwa. Mpango wa Mechner wa mwanzo ulikuwa mchezo usio na maadui. Shujaa asiye na silaha, mwenye miguu na mikono yake tu, anayeshindana na jengo. Ni wazo zuri, na bado naliona zuri. Gemu za zama zile zilikuwa zimejaa risasi, na yeye alitaka mtu ashinde kwa kupima hatua na kuthubutu. Mpaka mwaka 1988 ndivyo mchezo ulivyokuwa. Ulikuwa na kila kitu, na ulichosha. Watu walikuja mezani kwake, wakamsifu kijana mweupe anavyokimbia, wakacheza dakika chache, wakaondoka.

Aliyelisema hilo bila kumwonea haya ni Tomi Pierce, rafiki yake aliyekuwa naye ofisini. Tomi alimwambia mchezo unahitaji mapigano, akarudia, akarudia tena. Mechner alikuwa na jibu lililofunga mjadala: hakuna nafasi. Lilikuwa jibu la kweli kabisa. Apple II ilikuwa mashine iliyoingia sokoni mwaka 1977, na kumbukumbu yake ilihesabiwa kwa kilobaiti chache kiasi kwamba picha moja ya simu ya leo isingeingia. Karibu yote ilikuwa imeliwa na mwili wa David. Kila hatua ya mbio, kila mkunjo wa goti, kila kidole cha kudandia kilikuwa picha yake na kilikuwa kimekalia mahali pake. Kumleta adui mwenye mwili wake ingebidi kuanza upya, na pa kumweka hapakuwapo. Uzuri uleule uliowavuta watu mezani ndio uliokuwa umejaza nyumba.

Tomi hakuridhika. Ndipo katika mabishano yale likaja swali dogo: kama hakuna nafasi ya mwili mwingine, je, adui hawezi kutumia mwili huu huu?

Wanaotunga programu wana hesabu inayoitwa XOR. Picha za kompyuta ile zilikuwa safu za sifuri na moja. Chukua umbo la mwanamfalme, lisogeze kando kwa nukta moja tu, kisha lilinganishe na lile la awali, nukta kwa nukta. Penye kufanana weka giza, penye tofauti weka mwanga. Tumbo la umbo linatoweka, kingo zinabaki, zinametameta kama kitu kilichotengenezwa kwa moshi. Hakuna picha mpya iliyohifadhiwa. Ni David yule yule, mbio zile zile, ila sasa anaonekana kama pepo wake mwenyewe. Mechner aliliona likitembea kwenye kioo, na hapo hapo likapata jina: Kivuli.

Nikielezea jinsi kinavyoingia, aliyeucheza mchezo huu utotoni atakumbuka ubaridi aliousikia mgongoni. Uko ngazi ya nne. Umeshafungua mlango wa kutokea, unarudi njia uliyokuja nayo, na pale palipokuwa wazi pamesimama kioo cha kujitazamia. Hakuna pengine pa kupita. Ukikisogelea polepole unajiona. Njia ni moja: urudi nyuma, upate mbio, ukiruke. Unapokipasua, upande wa pili anaruka mtu mwingine, anakimbilia upande ulikotoka, na uhai wako wote unashuka hadi alama moja. Huyo ameondoka na sehemu yako. Ngazi ya tano anakutangulia kwenye kichupa cha dawa na kukinywa mbele ya macho yako. Ngazi ya sita unaruka shimo, unashika ukingo, na yeye amesimama upande wa pili. Anakanyaga kigae, geti linashuka, nawe unaanguka.

Hakuna neno hata moja linalosemwa. Mchezo hauelezi Kivuli ni nani. Unaelewa kwa sababu anakimbia kama wewe.

Kisha ngazi ya kumi na mbili mnakutana na panga mkononi. Unamchoma, nawe unapoteza alama ya uhai. Unamchoma tena, unapungua tena. Wengi walikufa hapo mara nyingi, wakidhani mchezo umeharibika. Dawa ni kurudisha upanga alani. Ukiurudisha, naye anaurudisha. Mnatembea, mnakutana, mnakuwa mtu mmoja. Ndipo mbele yenu panatokea pengo lisilorukika, na ukijitosa kwa mbio, sakafu inajitokeza chini ya nyayo zako, kigae baada ya kigae. Mariko wa Karateka amerudi hapa: anayekuja amekunja ngumi hafiki. Mechner alikuwa na fikra hiyo tangu akiwa mwanafunzi, na ilipata mahali pake pa haki siku kompyuta ilipokataa kubeba mtu wa pili.

Kivuli kilifungua mlango. Kilipoonyesha kwamba mchezo unapata roho ukiwa na mpinzani, Mechner alijibana, akapunguza huku na kule, akapata nafasi ya askari. Tatizo likawa upanga: yeye hakujua kuutumia, na marafiki zake pia hawakujua. Akarudi kwenye sinema. Katika The Adventures of Robin Hood ya mwaka 1938, waigizaji Errol Flynn na Basil Rathbone wanapigana mwishoni, na katikati ya pambano lile kuna sekunde chache ambapo wote wawili wanaonekana kwa ubavu mbele ya kamera, sawasawa kama watu wa kwenye mchezo. Sekunde hizo ndizo alizozikamata kwa njia ile ile ya deki na giza. Kupiga, kukinga, kusonga, kurudi nyuma: humo mlikuwa na kila kitu.

Tazama askari wa Prince of Persia kwa makini. Hawakimbii. Hawadandii. Hawaruki. Wanasogea tu upanga ukiwa mbele. Tulipokuwa tukicheza tulidhani ni kiburi cha walinzi wa kasri. Nijuavyo sasa, hawakukimbia kwa sababu hawakupewa picha za kukimbia. Walipewa zile sekunde za Robin Hood na basi. Hata hivyo ilifaa. Mwenye miguu ni mmoja tu ndani ya jengo lile, na ukishaona hivyo unaanza kutumia miguu hiyo kuwavuta walinzi mpaka kwenye miiba.

Hata hivyo, lile wazo la shujaa asiye na silaha halikufa lote. Unaanza mchezo mikono mitupu. Ukimwendea askari wa kwanza hivyo, pigo moja linakumaliza. Itakubidi umkimbie, ushuke, uutafute upanga ulioachwa karibu na mifupa ya mtu, ndipo urudi. Dakika zile za mwanzo ni kipande cha mchezo wa 1986 kilichobaki ndani ya mchezo wa 1989.

Mwisho wa kazi ulikuwa wa familia, kama mwanzo wake. Baba yake, Francis Mechner, mwanasaikolojia aliyezaliwa Vienna na kuikimbia Ulaya ya Wanazi akiwa mtoto, alitunga muziki, kama alivyotunga wa Karateka. Binti wa mfanyakazi mwenza alisimama mbele ya kamera kuwa binti Sultani. Kuna na panya mweupe anayetumwa na binti, ngazi ya nane, kuja kukanyaga kigae wakati mwenyewe umefungiwa. Kila nikimfikiria panya yule nafurahi. Mtunzi aliyekuwa akihesabu kila nukta aliona inafaa kutoa chache kwa ajili ya mnyama mdogo aliyesimama kwa miguu ya nyuma.

Prince of Persia ulitoka Oktoba 1989, miaka minne kamili baada ya maegesho, na ulikuta Apple II inakata roho. Maduka yalikuwa yamekwisha kuhamia kwenye mashine nyingine. Waandishi waliusifu, wanunuzi hawakuja: mpaka Julai 1990, Amerika ya Kaskazini, zilikuwa zimeuzwa nakala takriban 7,000 za Apple II, na idadi kama hiyo za kompyuta za IBM. Mechner alidhani basi. Kilichomwinua ni watu wa mbali. Nakala ya kompyuta za NEC za Japani ilipotoka mwezi huo wa Julai iliuza 10,000 papo kwa papo, Ulaya ikafuata, na wahandisi wa nchi mbalimbali wakauhamishia kwenye kila mashine iliyokuwapo. Wajapani waliouweka kwenye Super Famicom ya Nintendo mwaka 1992 waliukuza hadi ngazi 20 na muda wa saa mbili. Mwaka 1993, sehemu ya pili, The Shadow and the Flame, ilipotoka, nakala za ya kwanza zilikuwa zimefika karibu milioni 2.

Sehemu hiyo ya pili ina wazo jingine lililoachwa njiani. Inamalizika mwanamfalme na mkewe wakiondoka kwa farasi, kisha picha inahamia kwa ajuza anayewatazama ndani ya kioo cha kiganga. Ajuza yule alikuwa ahadi ya sehemu ya tatu. Mechner akaondoka, akaenda San Francisco kutengeneza mchezo wa garimoshi, The Last Express, pamoja na Tomi Pierce, na ajuza hakurudi tena. Miaka kumi baadaye, mwaka 2003, aliungana na studio ya Ubisoft ya Montreal kutengeneza The Sands of Time, wakaanza hadithi upya. Studio hiyo hiyo ilipotaka kuendelea, mmoja wa waongozaji wake, Patrice Désilets, akaleta wazo ambalo mwanamfalme analindwa na mtu mwingine, muuaji wa siri, na huyo mlinzi ndiye unayemcheza. Likaitwa Prince of Persia: Assassins. Wenye kampuni wakauliza, mchezo wa mwanamfalme ambao mwanamfalme si wewe, utakuwaje? Wazo likakataliwa chini ya jina hilo. Mwaka 2007 likatoka kwa jina lake lenyewe, Assassin's Creed.

Wakati The Sands of Time ikitengenezwa, Mechner alitafuta msimbo wa asili wa mchezo wake, zile kurasa za maagizo alizoziandika kwa lugha iliyo karibu na ya mashine, na hakuupata. Alitafuta kila alikoishi, akakata tamaa. Machi 2012 baba yake, akipanga vitu nyumbani, alikuta nyuma ya kabati boksi lenye nakala za zamani za michezo ya mwanawe. Ndani yake kulikuwa na visanduku vitatu vidogo vya diski za Apple, vyenye maandishi ya mkono wa Jordan.

Diski za sumaku huoza. Baada ya miaka 22, hakuna aliyejua kama bado zinasomeka. Mwezi uliofuata, nyumbani kwa Mechner mjini Los Angeles, walikusanyika Jason Scott wa Internet Archive, mtu aliyejitolea maisha yake kuokoa programu zilizosahaulika, na Tony Diaz, bingwa wa mashine za Apple II. Wakaja na mashine za kizamani na nyaya zao. Diski zikasomeka. Mechner akaweka msimbo wote hadharani, mtu yeyote ausome, na wapenzi wakauchukua kuuhamishia kwenye kompyuta za miaka ya 1980 ambazo hazikuwahi kuupata.

Nimeusoma kwa siku nyingi, polepole, kama mtu anayesoma barua za watu wengine kwa ruhusa. Hakuna mwanamfalme humo. Kila mhusika amepewa namba: askari ni 2, Kivuli ni 1. Na yule mwenye namba 0, ambaye katika hadithi hana jina wala ukoo, katika msimbo anaitwa kwa neno ambalo Waingereza na Wamarekani humwitia mtoto au kijana wa nyumbani: kid. KidX, alipo kwa upana. KidY, alipo kwa kimo. KidFace, ameelekea wapi. Ukurasa kwa ukurasa kompyuta inauliza swali hilo moja, kijana yuko wapi sasa, na mguu gani uko chini.